Pale Redio Inaponyamaza

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Mikono bado mizima, na ulimi, kama wanaonijua watakavyowaambia, ni mzima kupita kiasi. Lakini asubuhi nilipochoma kidole changu badala ya waya, na kabla sijamaliza kukipuliza nikachoma cha pili, nilizima chuma cha kulehemu nikasema basi. Nyinyi vijana mliochukua kibanda changu hapa Noonkopir mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani mlitaka orodha ya magonjwa ya tivi na dawa zake. Hiyo iko kwenye daftari la jalada jekundu chini ya meza, kama panya hawajalimaliza. Hapa nitaandika mengine, na mwishoni nina ombi.

Nilifika Kajiado mwanzoni mwa miaka ya tisini kutoka Bungoma, nikimfuata mume wangu aliyekuwa amepata kazi ya ualimu huko. Nilikuwa nimesomea umeme katika chuo cha ufundi cha kwetu, msichana peke yangu darasani, na nilikuja na cheti, bisibisi mbili na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Kwa wiki tatu nilizunguka mjini nikiomba kazi. Mmoja aliniangalia juu hadi chini akaniuliza kama najua kupika chapati. Aliyenichukua ni Mzee Kilonzo, Mkamba mfupi aliyewahi kutengeneza redio za jeshi na sasa alikuwa na duka dogo karibu na soko la mifugo. Hakutaka hata kuona cheti.

"Mikono yako inatetemekanga?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi keti hapo."

Siku hiyo hiyo akaja mama mmoja na redio iliyofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimeshaikamata bisibisi nikitaka kumwonyesha mzee kwamba sikuenda shule kuchunga mbuzi. Alinishika kiganja, taratibu, akamgeukia yule mama.

"Mama, hii redio ikiwa mzima, inakufanyia nini?"

Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Redio itafanya nini zaidi ya kuwa redio? Lakini mama hakuona ajabu yoyote. Alisema inamwamshia watoto wa shule. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikaona kwamba swichi ilikuwa imebanwa kwa njiti ya kiberiti isizimike kamwe, na nikaenda kuitoa. Mzee akanizuia tena. Enzi zile stesheni ilikuwa inafunga usiku na kufungua alfajiri, na yule mama alikuwa akilala na redio ikiwa wazi, ikitoa kelele ndogo tu za hewani, hadi wimbo wa kwanza wa alfajiri ulipopasua chumba. "Hiyo njiti ndiyo saa yake," Mzee Kilonzo akaniambia. "Ukiitoa, watoto watachapwa kwa kuchelewa na yeye hatajua ni wewe." Tukaunganisha waya wa spika uliokatika, na njiti tukaiacha palepale.

Kwa miaka yote niliyofanya kazi naye hakuna redio iliyofunguliwa kabla ya swali hilo. Wakati mwingine liliniudhi. Mteja yuko mbioni, jua ni kali, na mzee ameweka mikono magotini anauliza ikiwa mzima inafanya nini, kama daktari anayetaka kujua ulikula nini tangu Krismasi.

Lazima niseme ukweli kuhusu nilivyokuwa wakati ule. Nilikuwa nawacheka watu. Nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi na kitu miaka kumi, akilala nacho chumba kimoja, na asijue hata kidogo kilicho ndani. Watu walianika mawe ya redio, yaani betri, juani juu ya mabati ili yapate nguvu tena. Walizaba tivi makofi. Walivalisha tivi vitambaa vya kufuma hadi zikashindwa kupumua zikaungua. Bwana mmoja mpangaji wa Rongai, mtu wa tai na mkoba, alikuja kumtembelea ndugu yake akanivuta pembeni kuniuliza kama msomaji wa taarifa ya habari anaweza kumwona, maana yeye hubadilisha nguo sebuleni saa ile ile. Nilimwambia hamwoni, na kwamba kama angekuwa anamwona angekuwa ameshaacha kazi.

Mzee Kilonzo hakucheka wateja, au alicheka kwa namna nyingine. Siku moja nilikuwa nikimsimulia kuhusu mzee fulani aliyeanika mawe, na akaniambia nichukue mita nipime mawe mawili yaliyochoka, niyaweke juani hadi saa nane, nipime tena. Yalikuwa yamepanda. Si sana, lakini yalikuwa yamepanda, ya kutosha kusikiliza taarifa moja ya habari. Na kofi je? Kofi likiifanya tivi irudi, basi kuna mahali risasi ya kulehemu imeachana na waya, na mteja ameshakufanyia nusu ya uchunguzi bila malipo. "Hawajui kwa nini," mzee alikuwa akisema, "lakini wanajua nini. Wewe unajua kwa nini, na nini hujui." Mimi nilimwuliza, nikijitia mjanja, yeye mwenyewe anajua umeme ni nini hasa. "Najua unapitia wapi," akasema. Nilimpenda sana mtu yule, na sikumwambia hata siku moja.

Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini mume wangu alihamishiwa Kitengela, nami nikafungua kibanda hapa Noonkopir. Mji ulikuwa unafura. Kila wiki nyumba mpya ya kupanga, kila nyumba tivi yake, na watu wa kwetu magharibi waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na Athi River walifurahi kupata fundi wa kuzungumza naye lugha ya nyumbani. Wengine walifika wakaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikawaambia ametoka kidogo, niachieni kitu chenu, na jioni wakaja wakakuta kimepona na fundi bado hajarudi. Jina la Mama Redio lilinishika hapo.

Kisha ikaja homa ya FM. Stesheni mpya zilikuwa zinazaliwa kila kukicha, na kila mtu aliyekuwa na redio kubwa ya zamani, ile yenye masafa ya kati na masafa mafupi tu, alitaka zile za muziki na porojo. Tulikuwa na kibao kidogo cha FM, si kikubwa kuliko kiberiti, ambacho unaweza kukilehemu ndani. Ili kukipatia nafasi, unatoa ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ambayo ndiyo sikio la masafa ya kati. Nilizitoa fimbo nyingi sana. Nilizitupia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likajaa. Foleni ilikuwa inafika kwa muuza mboga, na katika haraka hiyo, polepole bila kuona, niliacha kuuliza swali la Mzee Kilonzo. Sikuamua kuliacha. Liliniponyoka tu.

Ndipo ukaja ule ukame. Wengi wenu mlikuwa wadogo, lakini mtakumbuka ng'ombe waliokuwa wakila majani ya kando ya barabara na maboksi ya kioski. Nyasi za nyanda za Isinya zilikuwa zimebaki mizizi. Harufu ya mizoga ilifika mjini upepo ulipogeuka.

Katika siku hizo Mzee Parsaloi aliingia kibandani kwangu. Alikuwa mfugaji Mmaasai wa upande wa Isinya, mrefu, mwenye masikio marefu na sauti ya chini, na alikuwa amebeba redio kubwa ya mbao na plastiki kwenye mkoba wa ngozi alioutengeneza mwenyewe.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia. Hilo nilikuwa nimejifunza Kajiado.

"Hii iko na shida hapa kwa mawe. Inawaka, inazima."

Nilifungua. Vyuma vya kushikia mawe vilikuwa na kutu, kazi ya dakika tano. Lakini niliona pia kwamba kishale cha stesheni kilikuwa mwisho kabisa wa masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni yoyote, na kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu hivi kwamba vumbi lilikuwa limeshika pande zake zote. Nilipoiwasha ikatoa mikwaruzo mitupu. Nilimhurumia. Nikajisemea, masikini mzee wa watu, amebeba redio miaka yote hii na hata kutafuta stesheni hajui. Nikamwambia arudi mchana. Nikasafisha kutu, na kwa huruma yangu, bila kuombwa na bila kumtoza, nikatoa fimbo nyeusi, nikamwekea kibao cha FM. Alipokuja nikamwonyesha: muziki hapa, habari hapa, mahubiri hapa. Alisikiliza kwa heshima, akanishukuru, "Ashe oleng," akaondoka. Niliishi siku tatu nikijisifu kimoyomoyo.

Siku ya nne alirudi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi hadi magotini. Hakuketi.

"Mama," akasema, "umeniondolea mvua."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa wazee. Hakucheka.

"Mzee, si nilikuwekea stesheni nne?"

"Hizo zinaongea tu. Ile ya kwanza ilikuwa inaniambia."

"Lakini pale hakukuwa na kitu! Ilikuwa kelele tupu."

"Ndiyo. Hapo ndipo mvua inakaa."

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Radi ikipiga mahali, hata mbali sana ambako macho hayafiki, redio inakwaruza. Hilo alilijua tangu ujana wake. Lakini aliishi na redio hiyo machungani miaka mingi, akaiweka juu ya jiwe hivi, na siku nyingine hivi, akaona kwamba ukiizungusha, mikwaruzo inapanda na kushuka. Na kuna mahali pamoja inanyamaza. Ukiona imenyamaza, angalia ncha ya redio imeelekea wapi. Mvua iko huko. Miaka yote ya ukame alikuwa akihamisha ng'ombe kwa kufuata ukimya huo.

"Sasa ng'ombe wangu ni thelathini na mbili," akasema. "Wako na nguvu ya kutembea mara moja. Nikienda upande mbaya, hakuna kurudi. Na kesho watu wa boma wanataka kuhama. Wananiuliza ni wapi, na mimi niko na redio ya kuimba."

Nyinyi mmesoma, kwa hiyo mnajua. Ile fimbo nyeusi husikia kwa mbavu zake na ni kiziwi kwenye ncha zake. Nilifundishwa hilo darasani, nikaliandika kwenye mtihani, nikapata alama. Na katika miaka yote ya kutoa fimbo na kutia fimbo sikuwahi hata mara moja kutoka nje na redio, nikaizungusha, nikasikiliza. Mtu huyu, ambaye hakujua kwamba ndani mna fimbo, alikuwa ameipata kwa masikio na subira. Nilimhurumia mtu aliyekuwa akijua redio yake kuliko mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nyuma ya aibu nilikuwa na hofu, kwa sababu wale ng'ombe thelathini na wawili walikuwa sasa mikononi mwangu.

Nilimwaga kopo la maziwa mezani. Fimbo za miaka, zote nyeusi, zote zinafanana. Niliwaambia watu wa foleni waende nyumbani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinuna, nikamwacha anune. Fimbo ya Mzee Parsaloi niliitambua kwa tone la nta ya nyuki mwishoni, ambalo hakuna kiwanda kinachotia. Ilikuwa nzima. Lakini waya wake, ule mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika nilipoung'oa kwa haraka zangu za FM, na waya huo si mmoja, ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, kila uzi umepakwa rangi, na ukiacha hata mmoja bila kuushika sikio linadhoofika. Nilizikwangua rangi moja moja kwa wembe. Macho yangu wakati ule yalikuwa bado macho. Mzee aliketi kwenye kigoda, fimbo yake ya kutembelea katikati ya magoti, hakunihimiza hata kwa kukohoa.

Kabla sijalehemu uzi wa kwanza nilisimama. Nikamgeukia na kumwuliza lile ambalo nilipaswa kumwuliza siku ya kwanza.

"Mzee, ikiwa mzima kabisa, inafanyanga nini? Niambie yote."

Akaniambia yote. Akasema pia kwamba sauti isiwe kali sana, kwa sababu ikiwa kali sikio linachoka na halioni tofauti; kwamba kishale kisiguswe; kwamba mlango wa mawe ulikuwa unafungwa kwa nta ili usitingishike. Ndiyo, nta ilikuwa yake; tone moja lilidondokea ndani. Ningeweza kuyajua haya yote siku nne kabla kwa swali moja.

Ilifika saa tisa alasiri nilipoiwasha. Ikakwaruza. Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipotengeneza redio ili itoe kelele, na sijawahi kufurahia wimbo wowote kama nilivyofurahia mkwaruzo ule. Tukatoka nje. Akaishika mbele ya kifua chake kwa mikono miwili na kuanza kugeuka, hatua kwa hatua, macho amefumba. Muuza mboga aliacha kupanga nyanya. Mikwaruzo ikapanda, ikapanda, ikaanza kushuka. Kisha ikanyamaza, kabisa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Akafungua macho.

"Ni huku," akasema akionyesha ncha moja ya redio, "ama ni huku," akionyesha ya pili. "Inasema pande mbili. Huku ni Ukambani. Nimeuliza watu wa soko, kwao pia ni mavumbi." Akageukia magharibi, upande wa Kona Baridi, kule ardhi inakoteremka kuelekea Magadi. Mbingu zilikuwa nyeupe na tupu. Mimi sikuona hata wingu la kufunika kuku.

"Mzee, una uhakika?"

"Wewe ndiye umetengeneza," akanijibu. "Wewe uko na uhakika?"

Nilimwomba anionjeshe. Nikaishika redio yake na kugeuka kama alivyogeuka, na pale pale ilipomnyamazia yeye ikaninyamazia mimi. Nikamwambia nina uhakika. Akaitia mkobani na kuondoka.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Mume wangu aliniuliza kama kuna mtu mgonjwa kwetu. Ningemwambia nini? Kwamba nimewapeleka ng'ombe thelathini na wawili Magadi kwa uzi wa waya? Niliwauliza wateja wote wa Isinya kuhusu Mzee Parsaloi, wakasema amehama, hawajui zaidi. Walisema pia kwamba jirani zake waliokwenda upande mwingine walirudi wakiwa na mikuki yao tu.

Mvua ilipokuja kwetu hatimaye, na matope ya Noonkopir yakarudi kumeza viatu vya watu, alitokea mlangoni. Nilisimama kabla hajasalimia.

"Wangapi?" nikamwuliza.

"Ishirini na saba," akasema. "Watano walikuwa wazee sana. Wengine walikula nyasi siku ya tano, kule chini. Tuliingia na mvua ikiwa bado inanyesha." Nililia mbele ya wateja, mimi Mama Redio, na sijutii.

Tangu siku hiyo sikufungua kitu cha mtu bila kuuliza, na nimesikia majibu ambayo hakuna daftari linaloweza kuyabeba. Bibi kizee aliyekuwa akigandisha maziwa yake juu ya tivi kwa sababu joto lake halipandi wala halishuki. Mchungaji wa kanisa aliyejua umeme unakaribia kupotea kwa kuangalia picha inavyojikunja kwenye kona. Hawajui kilichomo ndani, ni kweli. Lakini watu wamekaa na vitu hivi kwa upendo na uangalifu ambao sisi wenye bisibisi tumeukosa, na wamegundua mambo ambayo aliyevitengeneza hakuwahi kuyaota. Nawastahi. Ningependa mwanzie hapo mlipo, msingoje kufika umri wangu.

Sasa ombi langu. Wiki niliyokuwa nikifunga vitu vyangu, Mzee Parsaloi alikuja. Amezeeka, anatembea kwa mapumziko. Redio yake ya mbao ilikanyagwa na fahali mwaka jana, ikawa vipande. Binti yake amemnunulia simu ya mkononi, na simu ina redio ndani. Aliitoa shukani akaishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, vile vile.

"Nimezungusha hii wiki mzima," akaniambia. "Inaongea pande zote. Haina mahali inanyamaza. Mvua yake iko wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba simu haina fimbo, na kwamba mimi sioni tena uzi wa unywele. Lakini nimeokota redio kuukuu ya masafa ya kati, iko rafu ya juu, na fimbo yenye tone la nta niliitoa kwenye vile vipande alivyoniletea. Iko kwenye kopo la maziwa, juu kabisa. Waya umekatika mahali pawili. Nyinyi mnashona vipande vya simu vidogo kuliko kucha, hamtashindwa.

Atakuja Jumatano, na jua mnaliona jinsi lilivyo. Msimwekee stesheni. Muulizeni kwanza, hata kama mnajua, kisha mlehemu kila uzi. Mkimaliza tokeni naye nje, mwacheni aizungushe mwenyewe, na pale itakaponyamaza, mjue imepona.